Mirambo: Mtoto wa mtemi aliyelelewa na mifugo, misafara na utekwa

Na Mwandishi Wetu, Ulyankulu

MSAFIRI anayeondoka Tabora mjini kuelekea kaskazini-magharibi, hadi Ulyankulu, hupita katika nchi ya miombo, mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini na mabani ya kukaushia tumbaku. Vijana wengi nchini wanalijua jina la Ulyankulu kwa sababu ya kwaya yake maarufu ya Barabara ya 13, na watu wazima wanalijua kwa sababu ya makazi ya wakimbizi wa Burundi yaliyofunguliwa hapa mwaka 1972.

Wachache ndio wanaokumbuka kwamba Agosti 1871, katika nchi hii hii, kundi la vijana wadogo, wengi wao wakiwa hawajaota ndevu, lililala kimya ndani ya nyasi ndefu pande mbili za njia, likisubiri jeshi la Waarabu wa Tabora lirudi na nyara zake.

Waarabu hao, wakiongozwa na kijana aitwaye Soud bin Said bin Majid, walikuwa wameingia katika boma la Ulyankulu na kuliteka. Walichukua pembe za ndovu, nguo na mateka, wakaanza safari ya kurudi wakiwa wamelemewa na mizigo. Walipofika mahali penye nyasi ndefu, vijana wale waliinuka. Soud aliuawa pamoja na Waarabu wenzake, na mateka na pembe vikarudi kwa wenyewe.

Aliyewapanga vijana hao katika nyasi ni Mtemi Mirambo, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka kama 30 hivi. Kilichotokea siku ile kimeandikwa mara nyingi kama habari ya vita. Makala haya yanakitazama kwa upande mwingine: mtu huyu aliyapata wapi maarifa yale, nani alimfundisha, na alianza kufundishwa akiwa na umri gani.

Mirambo alizaliwa mnamo mwaka 1840 katika nchi ya Uyowa, magharibi ya Tabora. Jina lake la utotoni ni Mtyela, na baba yake ni Kasanda, mtemi wa Uyowa. Hili la Mirambo alilipata baadaye, na maana yake ni maiti. Ni jina la vita, ambalo hakuna mzazi angempa mtoto mchanga.

Uyowa haikuwa nchi kubwa. Unyamwezi wa wakati ule ulikuwa na watemi wengi, baadhi yao wakitawala eneo ambalo mtu angelivuka kwa miguu kwa siku moja au mbili. Mtemi alikaa katika makazi yaliyoitwa ikulu, neno ambalo leo Watanzania wote wanalitumia kwa makazi ya Rais. Kwa hiyo mtoto wa mtemi hakuishi mbali na watu. Alicheza na watoto wa wakulima, alikula ugali wa mtama kama wao, na alisikia kesi, madai na malalamiko yaliyoletwa kwa baba yake kwa sababu yalisemwa nje, chini ya mti, mbele ya wote.

Kuhusu namna watoto wa Kinyamwezi walivyolelewa miaka ile, tunayo maelezo ya Mwingereza Richard Burton, aliyefika Tabora Novemba 1857 akiwa njiani kwenda Ziwa Tanganyika, na akakaa tena hapo kwa miezi kadhaa mwaka 1858. Burton alikuwa mtu wa dharau nyingi kwa Waafrika, na kurasa zake nyingi haziwezi kusomwa leo bila kukunja uso. Hata hivyo, jicho lake lilikuwa kali, na aliyoyaona kuhusu watoto yanastahili kusikilizwa.

Anaeleza kwamba mtoto alinyonya hadi mwisho wa mwaka wa pili. Baada ya kutimiza miaka minne, mtoto wa kiume alipewa upinde mdogo uliolingana na mkono wake, na kila nguvu zake zilipoongezeka upinde nao ulibadilishwa kwa mwingine mgumu zaidi. Mara tu alipoweza kutembea sawasawa alianza kuangalia mbuzi. Baada ya miaka 10 aliswaga ng'ombe malishoni, akajiona anajitegemea, akapanda shamba lake dogo la tumbaku na kuanza kuota habari za kujenga kibanda chake mwenyewe.

Kuna jambo moja katika maelezo hayo linalostahili kutuliza mwendo wa msomaji, nalo ni ule upinde. Mzee aliyemkatia mtoto upinde wa kwanza alijua kwamba upinde wa mtu mzima ungemshinda na kumkatisha tamaa, na upinde wa mchezo usiorusha mshale usingemfundisha kitu. Alimpa silaha ya kweli iliyo ya kimo chake. Kila mwaka, au kila msimu, alimwongezea ugumu kidogo. Walimu wa madarasa ya awali wanaosoma vyuoni leo hufundishwa jambo hilo hilo kwa maneno marefu zaidi.

Kuchunga nako kulikuwa na mafunzo yake. Mtoto wa miaka saba anayelinda mbuzi 20 katika pori lenye fisi na chui hujifunza kuhesabu bila ubao, maana jioni akikosekana mmoja ataulizwa. Hujifunza kusoma nyayo, upepo na sauti za ndege. Hujifunza kugawana kazi na wenzake, kwa kuwa hakuna mtoto anayeweza kuzuia mbuzi waingie kwenye shamba la mtama huku akitafuta aliyepotea. Pori la miombo ambalo wageni waliliona kama ukuta wa miti, kwa watoto hawa lilikuwa na vijia, visima na maficho wanayoyajua kwa majina.

Usiku kulikuwa na iwanza. Hii ilikuwa nyumba ya pamoja ya wanaume, iliyojengwa ndani ya kila kijiji, ambamo wanaume walikutana, walikula, walivuta tumbaku, walitengeneza silaha na kupokea wageni. Mtoto wa kiume alitoka katika nyumba ya mama yake mapema na kuhamia huko. Wasichana nao walikuwa na nyumba yao ya pamoja, na mama na bibi waliwafundisha kilimo, upishi na malezi ya wadogo zao.

Ndani ya iwanza ndimo mtoto alimosikia dunia. Wapagazi waliorudi kutoka Bagamoyo walisimulia bahari. Waliotoka Ujiji walisimulia ziwa. Wengine walikwenda Katanga kutafuta shaba au Uvinza kuleta chumvi, na majembe ya chuma yalitoka kwa wahunzi wa Usumbwa. Mtoto aliyelala kwenye kona ya iwanza, akijifanya amesinzia, alijua bei ya pembe ya ndovu pwani kabla hajajua kuoga mwenyewe vizuri. Mwandishi wa makala haya anakiri kwamba sentensi hiyo ya mwisho ina chumvi kidogo, lakini si nyingi.

Upagazi ulikuwa ndio fahari ya Unyamwezi. Kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili, na wasichana walimcheka. Burton aliwaona watoto wa miaka sita au saba wakitembea na pembe ndogo ya ndovu begani. Hawakulazimika kuibeba, walikuwa wanamwiga baba. Ni mchezo, lakini ni mchezo unaomzoeza mtoto namna ya kusawazisha mzigo, kupumua kwenye mlima na kutosimama kabla ya mwenzake. Masimulizi yanamtaja Mtyela mwenyewe kuwa aliwahi kusafiri na misafara katika ujana wake.

Msafara ulikuwa na utawala wake. Mbele alikwenda kirangozi, aliyeshika njia na bendera. Wapo wanyampara, viongozi wa vikundi vya wapagazi, ambao jina lao limebaki katika Kiswahili kwa msimamizi wa kazi. Nyampara hakuwa na bunduki ya kuwalazimisha watu 50 waamke alfajiri. Alikuwa na ulimi, mfano wake mwenyewe na hesabu sahihi ya posho. Kijana aliyetembea miezi mitatu nyuma ya nyampara mzuri aliona kwa macho namna watu wanavyoongozwa.

Hadi hapa, malezi ya Mtyela hayatofautiani sana na ya maelfu ya watoto wa Unyamwezi. Kilichomtenganisha nao ni balaa.

Katika miaka ya 1850 Wangoni waliojulikana huku kama Watuta walipanda kutoka Ufipa kuelekea kaskazini. Walikuwa tawi la watu waliotoka kusini mwa Afrika chini ya Zwangendaba, na baada ya kifo chake mnamo 1848 waligawanyika makundi. Watuta walipita mashariki ya Ziwa Tanganyika, wakaishambulia Ujiji, wakaingia Unyamwezi. Walipoteka kijiji, wazee walitawanyika au kufa, na vijana walichukuliwa.

Masimulizi ya Wanyamwezi yanasema kwamba Mtyela alikuwa mmoja wa vijana hao waliochukuliwa. Mtoto wa mtemi, aliyezoea kuona watu wakimpigia baba yake makofi ya heshima, akajikuta mateka wa watu ambao lugha yao haielewi.

Wangoni hawakuwaweka mateka vijana kama mizigo ya kuuzwa pwani. Waliwagawa katika familia zao, wakawalisha, wakawapa ngao na mkuki mfupi wa kuchoma kwa karibu, wakawaingiza katika vikosi vya rika moja. Kikosi kilikula pamoja, kililala pamoja na kupigana pamoja. Mateka aliyekuwa hodari alipanda cheo. Kwa njia hiyo kabila lililoanza safari likiwa dogo liliongezeka njiani badala ya kupungua, na wengi wa wapiganaji wake walikuwa wana wa watu waliowashinda.

Mtyela alijifunza Kingoni. Alijifunza mwendo wa usiku, mashambulizi ya alfajiri, na namna ya kulizunguka boma kwa pembe mbili. Zaidi ya yote aliona kwamba watu wa makabila mbalimbali, wasio na ukoo mmoja wala mzimu mmoja, wanaweza kufanywa kuwa jeshi moja ikiwa watachukuliwa wangali vijana. Watemi wenzake wa Unyamwezi, waliokulia nyumbani kwa amani, hawakuwahi kuliona jambo hilo kwa karibu.

Waswahili husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa Mtyela ni vigumu kusema ni nani hasa aliyemlea. Mama na bibi walimpa miaka ya kwanza, mifugo na iwanza vikampa iliyofuata, msafara ukampa miguu na masikio, na adui wa baba yake akampa mkuki. Si kila mtoto anayepitia mikono mingi hivyo hutoka salama. Wengi waliochukuliwa na Watuta hawakurudi, na hatuna majina yao.

Alirudi Uyowa, na baba yake alipofariki, karibu na mwaka 1860, alishika utemi. Hata hilo halikuwa jambo la moja kwa moja. Katika nchi nyingi za Unyamwezi desturi ya kale ilimpa utemi mtoto wa dada wa mtemi, na watoto wa kuzaa wa mtemi walikaa pembeni. Desturi hiyo ilikuwa imeanza kubadilika kwa sababu ya biashara ya pembe, kwani wana wa mtemi waliokwenda pwani walirudi na nguo, baruti na wafuasi wao wenyewe.

Kijana mtemi alikuwa na somo jingine la kutazama, tena lilikuwa jirani. Huko Unyanyembe, ambako ndiko Tabora ilipo, Mtemi Mnywa Sele aliwatoza Waarabu ushuru wa bidhaa zao. Mwaka 1860 Waarabu walimfukuza na kumweka Mkasiwa, aliyekubali matakwa yao. Mnywa Sele alipigana porini kwa miaka mitano, akauawa mwaka 1865. Mirambo alikuwa na umri wa miaka 20 na kitu alipoyaona hayo. Aliona kwamba haki bila jeshi haikumsaidia Mnywa Sele, na kwamba jeshi la kukodi lilimkimbia.

Katika miaka hiyo aliiunganisha Ulyankulu na Uyowa yake, na nchi zote mbili zikawa kitovu cha dola aliyoiita Urambo. Hakukurupuka. Alianza na vijiji jirani, kimoja kimoja. Aliyekubali utawala wake aliachwa katika nafasi yake, aliyekataa aliondolewa na ndugu yake mwenye busara akawekwa mahali pake.

Mwaka 1871 ndipo aliposimama katikati ya njia. Msafara wa Waarabu uliokuwa ukienda Ujiji ulidaiwa hongo kubwa: baruti, bunduki na nguo. Ukalipa. Baada ya kulipwa, Mirambo aliuambia urudi ulikotoka, na akatangaza kuwa hakuna msafara wa Tabora utakaopita tena katika nchi yake akiwa hai. Ni tendo la uonevu kwa kipimo chochote, na wafanyabiashara wa Tabora walikuwa na sababu ya kukasirika.

Walikusanya watu zaidi ya 2,000. Pamoja nao alikuwamo mwandishi wa gazeti la New York Herald, Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Dk. David Livingstone na ambaye njia yake ilifungwa na vita hiyo. Walianza vizuri, wakachoma vijiji. Kisha ndipo Soud akaenda Ulyankulu, na yakatokea yale tuliyoyasimulia mwanzo.

Kushindwa huko kulilivunja jeshi lote. Kila aliyeweza kukimbia alikimbia, na Stanley, aliyekuwa mgonjwa wa homa, aliachwa nyuma na wenzake. Agosti 22, 1871, Mirambo aliifuata Tabora yenyewe. Khamis bin Abdullah, mmoja wa Waarabu mashuhuri wa mji huo, alitoka kumkabili akiwa na watumwa wake wenye silaha. Wakamkimbia uwanjani, naye akauawa. Sehemu ya mji iliteketezwa kwa moto. Vita iliendelea kwa miaka minne, na biashara ya pembe kati ya Ujiji na pwani ikaharibika hadi Sultani Barghash wa Zanzibar akatuma askari wake. Mwaka 1875 pande zote zilichoka, wakapatana.

Aprili 1876, Stanley alipita tena katika nchi za magharibi, safari hii akitokea Uganda na Karagwe, akakutana na Mirambo uso kwa uso mahali paitwapo Serombo. Alitarajia kumwona jambazi mwenye kelele. Alikuta mtu mrefu wa miaka kama 35, mtulivu, mwenye sauti ya chini na adabu nyingi, asiyemkatiza mtu maneno. Wakachanjiana udugu wa damu. Stanley, ambaye miaka mitano kabla alimchukia, aliondoka akimsifu kupita kiasi.

Katika mazungumzo hayo Mirambo alieleza siri ya jeshi lake, na hapa ndipo malezi yake yanapojitokeza wazi kuliko mahali pengine popote. Alimwambia mgeni wake kwamba kwa vita ya uwanjani alipendelea vijana wadogo. Macho yao ni makali, viungo vyao ni vyepesi, na hawana mke wala mtoto wa kuwafanya wasite. Watu wazima wenye ndevu aliwaacha walinde maboma.

Vijana hao ndio ruga-ruga. Walivaa vitambaa vyekundu, manyoya na mapambo ya kutisha, wakavuta bangi, wakaimba. Baadhi walikuwa wana wa wakulima wa Urambo waliotafuta utajiri wa haraka. Wengine walikuwa watumwa waliotoroka, wapagazi walioachwa na misafara, na watoto waliotekwa katika vijiji vilivyochomwa. Mirambo alifanya kwao kile alichofanyiwa na Watuta: aliwachukua wangali wabichi, akawapa rika, bunduki na jina, akawafanya wamwone yeye kuwa baba. Alikula nao na kutangulia mbele yao vitani, jambo ambalo wageni wote waliomwona walilishangaa.

Wapo wanaomsifu kwa hilo bila kusita. Mwandishi wa makala haya hawezi. Mirambo alijua kuliko mtemi yeyote wa zama zake kwamba mtoto mdogo hujifunza haraka na hushika alichojifunza, na elimu hiyo aliitumia kutengeneza wauaji. Kwa kila kijana aliyerudi Urambo na robota la nguo, kuna kijiji mahali fulani ambacho watoto wake walipoteza mama, mifugo na iwanza kwa usiku mmoja. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa namna hiyo.

Ni haki pia kusema kwamba mji wake haukuwa kambi ya wanyang'anyi tu. Urambo ilivuta maelfu ya watu, masoko yake yalikuwa na amani, na wakulima walilima bila kuhofia wavamizi. Mfanyabiashara Mswisi, Philippe Broyon, alioa katika nyumba yake. Tippu Tip, mkubwa wa wafanyabiashara wa pembe, alielewana naye. Mwaka 1879 alimpokea daktari wa Chama cha Misheni cha London, Ebenezer Southon, akampa mahali pa kukaa. Mirambo alitaka mganga kwa watu wake na mwandishi wa barua zake, na alipenda kumsikiliza Southon akieleza mambo ya Ulaya. Katika maandishi ya daktari huyo tunamwona mtemi akiuliza maswali usiku hadi usiku, kama mtoto aliyelala kwenye kona ya iwanza.

Urafiki huo uliharibiwa na damu. Juni 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliokuwa katika utumishi wa Wabelgiji, waliuawa wakati majeshi ya Mirambo na mshirika wake Simba yaliposhambulia Mpimbwe. Balozi John Kirk wa Zanzibar, aliyekuwa ameanza kumtazama kama mshirika, alimgeuka. Southon naye alifariki Julai 1882 kwa jeraha la risasi iliyofyatuka kwa ajali.

Maswali hayo ya malezi hayajaondoka katika nchi ya Ulyankulu. Mwaka 1972, miaka 101 baada ya vita ya nyasi, malori yalianza kuteremsha hapa familia za Warundi waliokimbia mauaji kwao. Wengi walikuwa watoto. Walipewa majembe, mbegu na vipande vya pori, na wakaanza upya katika barabara zilizopewa namba badala ya majina. Makazi hayo, pamoja na Katumba na Mishamo, ndiyo yaliyotoa sehemu kubwa ya zaidi ya watu 162,000 waliokubaliwa uraia wa Tanzania mwaka 2010. Watoto wale wa 1972, leo wazee, walilelewa ugenini na wazazi waliokuwa na majonzi. Lakini hakuna aliyekuja kuwavalisha vitambaa vyekundu. Walipata shule, shamba, kanisa na kwaya. Tofauti hiyo si ndogo.

Lipo na suala la tumbaku. Yule mtoto wa miaka 10 aliyeonwa na Burton alipanda tumbaku yake kwa fahari, kidogo, kwa ajili yake na babu yake. Tumbaku ya biashara inayolimwa Urambo, Kaliua na Ulyankulu ni kitu kingine: kuchuma majani mabichi yenye sumu inayopenya ngozini, kunyunyiza dawa, kukesha kwenye moto wa bani. Mtoto anapofanya kazi hiyo siku za shule, mtu hawezi kumtetea kwa kusema kwamba hata zamani watoto walifanya kazi. Upinde wa zamani ulikatwa kwa kipimo cha mtoto. Bani halina kipimo cha mtoto.

Serikali ilizindua Desemba 2021 programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, inayowahusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, ikitaja lishe, afya, ulinzi, malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali kuwa mambo yasiyotenganishwa. Wataalamu wanaeleza kwamba ubongo hukua kwa kasi kubwa zaidi katika miaka ile ya kwanza, na kwamba mtoto anayezungumzishwa, anayechezeshwa na anayelala bila hofu hujenga uwezo ambao baadaye ni kazi ngumu kuurejesha ukikosekana. Miaka minane ya kwanza ya Mtyela ilikuwa ya namna hiyo. Balaa lilimkuta baadaye, akiwa tayari ana lugha, hesabu, pumzi na watu waliomwita kwa jina. Huenda ndiyo sababu yeye aliweza kuligeuza kuwa maarifa pale ambapo wengine lilivunja.

Lakini tusimfanye kuwa kielelezo cha kanuni. Ndugu yake, Mpandoshalo, alitoka katika ikulu ile ile, akala chakula kile kile na kuisikia misafara ile ile, na hakuwa Mirambo.

Mirambo alifariki Desemba 2, 1884, kwa ugonjwa, akiwa na umri wa miaka kama 44. Mwezi huo huo alifariki pia Nyungu ya Mawe, mtemi wa kusini aliyejenga dola yake ya ruga-ruga katika nchi ya Kimbu. Dola ya Nyungu ilidumu kwa muda kwa sababu alikuwa amewaweka maofisa wa kuisimamia. Ya Mirambo ilikuwa imekaa juu ya mabega yake mwenyewe.

Mpandoshalo alishika utemi, nchi zilizotekwa zikaanza kujitenga moja baada ya nyingine, naye akauawa vitani dhidi ya Wangoni mnamo 1890. Mwaka huo huo bendera ya Wajerumani ilipandishwa Tabora.

Wale vijana ambao Mirambo alimwonyesha Stanley mwaka 1876 walikuwa sasa wanaume wa miaka 30 na kitu. Baadhi yao walirudi kwenye jembe. Wengine hawakuwa wamefundishwa jembe, wala kuchunga, wala kubeba mzigo hadi pwani. Tangu utotoni walichojua ni bunduki. Wajerumani waliwakodi watu wa aina hiyo kuwa askari wao wa msaada, wakaendelea kuwaita ruga-ruga, na jina hilo lilitumika katika vikosi vyao hadi vita vya mwaka 1914 hadi 1918.